Jogoo, Aliyemgeuza Msumari

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Juni 1965, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mvua ikipiga bati kiasi kwamba mkunga alilazimika kupaza sauti ili mama amsikie. Alikuwa kifungua mimba wa baba yetu, fundi wa kuezeka mapaa, na mama yetu, fundi cherehani, ambaye yuko nasi hapa kwenye safu ya mbele. Baada yake walifuata wengine wawili: ndugu yetu wa kati, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi kitinda mimba, ninayesoma wasifu huu kwa sababu fundi wa vyuma amesema hataweza, atalia. Mimi nimeahidi kutolia. Tutaona.

Akiwa na miaka minne marehemu aliugua surua. Homa ilishuka, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena. Nalisema hili mbele ya watu wote kwa ruhusa ya mama, kwa kuwa kwa miaka mingi halikusemwa. Alipofikisha miaka saba, baba alipata kazi mji mwingine, na mama akaona hiyo ndiyo nafasi. Kabla hatujahama alimpeleka akawekewa jicho la kioo, kisha akamfundisha mambo mawili. La kwanza, akae kushoto kwa watu siku zote, ili wote wawe upande wake wa kulia. La pili, akiitwa ageuze mwili mzima taratibu, asigeuze macho. Mama hakuwa akimwonea aibu mwanawe, alikuwa akiwaogopa watu. Neno chongo likapigwa marufuku nyumbani kwetu. Siku moja baba aliona gari linapita na taa moja, akasema, "Gari chongo hilo." Mama alimkazia macho mpaka akajirekebisha: "Gari lenye taa moja, ndivyo nilivyotaka kusema." Tangu hapo hata sisi wadogo tulisema hivyo hivyo, bila kujua sababu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 katika mji huo mpya, na huko ndiko alikopewa jina la Jogoo, ambalo wengi wenu mlilijua bila kujua lilikotoka. Mtu mwenye macho mawili hujua kitu kiko mbali kiasi gani bila hata kufikiri. Mwenye moja hana budi kusogeza kichwa: kilicho karibu kitahama sana, kilicho mbali kitahama kidogo, na hapo ndipo atakapojua. Kaka alikuwa akisogeza kichwa kushoto na kulia kabla ya kupokea daftari, kabla ya kushuka ngazi, kabla ya kumwaga chai, kama jogoo anayetazama punje. Watoto walicheka, wakampa jina, wakasahau kuuliza. Mwalimu wa michezo, ambaye naye hakujua lolote, alimweka golini. Mpira ulimpita kila mara kana kwamba wamekubaliana.

Kwenye kuchora, hata hivyo, hakuna aliyemkaribia. Karatasi ni bapa, haikumdai kitu asichokuwa nacho. Baba alipokuwa juu ya paa, kaka alikaa chini kwenye mchanga akimchora, na ni huko alikojifunza kutazama kivuli. Nyundo ikiwa juu, kivuli chake kiko pembeni. Inavyoshuka, kivuli kinaikimbilia. Vikikutana, msumari umepigwa. Aliniambia mara nyingi kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na mimi nilimjibu kwamba basi hajaona vitu vingi. Alimaliza sekondari mwaka 1983, kisha akasomea uchoraji wa matangazo katika chuo cha ufundi.

Mwaka 1986 aliajiriwa kama mchoraji kwenye karakana ndogo ya michezo ya video, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ilikuwa na meza sita, feni moja na harufu ya ngozi iliyopanda kutoka chini. Huko mwaka 1988 alimzaa Msumari. Wachache sana hapa hamumjui. Kwa wale wachache: ni kibwana kifupi chenye kofia na mfuko wa nyundo kiunoni, anayekimbia juu ya mapaa kumfukuza kunguru aliyemwibia misumari. Kaka alimchora nukta kwa nukta kwenye karatasi ya miraba, na nukta zote zilikuwa chache kuliko vifungo vya kwenye kopo la mama. Bado ukimtazama unajua amechoka, unajua ni mkaidi, na unajua hatamwacha yule kunguru. Mpaka leo sielewi alifanyaje.

Msumari alikwenda kulia tu. Tulimwona ubavuni, upande mmoja, jicho moja, akikimbia kutoka mwanzo wa mchezo mpaka mwisho. Mwandishi wa programu, rafiki yake wa kwanza pale kazini ambaye baadaye alimsimamia harusi, alimlalamikia.

"Mbona hageuki? Wenzetu mashujaa wao wanageuka."

"Anarudi kufanya nini?"

"Labda amesahau kitu."

"Msumari hasahau."

Mchezo wa pili ukatoka, wa tatu, na wa nne mwaka 1994, na kote Msumari hakugeuka. Wachezaji wakalifanya hilo kuwa msemo wao. Vijana wakiachwa na wachumba waliambiana, "Msumari hageuki." Karakana ikahamia jengo zima. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mchoraji mkuu, anayekaa mwisho kabisa wa meza ya mikutano upande wa kushoto, hataki kuchora upande mwingine wa mtu.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1993, na shemeji yangu, mpima ardhi. Walikutana pale karakana ilipotaka kujenga na yeye akaja kupima kiwanja. Kaka alishuka kula chakula cha mchana, akamkuta ameinama kwenye kifaa chake chenye miguu mitatu, akasahau kula. Alijisogeza kushoto kwake kama alivyofundishwa. Shemeji akahamisha kifaa. Kaka akazunguka tena. Shemeji akauliza kama kuna tatizo na hewa ya upande wa kulia. Kaka, ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yetu habari ya jicho lake, alimwambia papo hapo, juani, mbele ya vigingi. Shemeji akamjibu, "Basi umeniwahi. Mimi hapa nalipwa ili nifumbe moja." Kaka alirudi ofisini na njaa yake na mchumba. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana.

Sasa nifike mahali ambapo nimeombwa na watu wa karakana nisipapite haraka. Mwaka 1996 zilikuja mashine mpya zilizoweza kuonyesha pande tatu. Kabla ya hapo Msumari aliishi bapa, kama picha inayoteleza ukutani. Mashine mpya zingempa kina: angeweza kuingia ndani, kuzunguka nyuma ya bomba la moshi, kuja mbele mpaka umguse. Mkurugenzi, mama asiyependa maneno mengi, alisema mchezo wa tano utakuwa wa pande tatu au hautakuwepo. Binti mmoja, ambaye wenzake walimwita Mfinyanzi, alipewa kazi ya kumuumba Msumari ndani ya kompyuta. Akamuumba kofia, pua, mfuko wa nyundo na upande wote wa kulia. Kisha akamwendea kaka.

"Bosi, upande wa kushoto ukoje?"

"Subiri kwanza."

Alisubiri. Wiki zikapita, na Msumari akawa anazunguka polepole kwenye kioo cha kompyuta ya Mfinyanzi, upande mmoja mtu, upande wa pili donge la unga. Watu wakipita pale walitazama chini.

Balaa lenyewe lilikuwa kwingine. Wachezaji walioitwa kujaribu walikuwa wakianguka. Hao walikuwa watu waliomaliza michezo minne yote, wanaoruka mapaa hata usingizini, lakini Msumari alipopewa kina walimrusha mbele ya paa, nyuma ya paa, pembeni ya paa. Waandishi wa programu walipunguza mwendo, wakapanua mapaa, wakapunguza mapengo. Watu wakaendelea kuanguka. Mwanafunzi mmoja aliweka mezani kidhibiti, kile cha kumwendeshea Msumari, na kusema kwa upole, "Huyu siye Msumari. Msumari alikuwa anajua anakokwenda." Mkurugenzi aliita watu wote chumba cha mikutano, akatangaza kwamba wakianguka tena kwenye jaribio linalofuata, anafunga. Si mchezo wa tano tu, Msumari mzima.

Kaka alijua wanaanguka kwa nini. Alijua tangu siku ya kwanza. Lakini kulisema kulikuwa ni kujisema, na alikuwa mchoraji mkuu wa mchezo wa kina ambaye mwenyewe hakuona kina. Aliogopa wataichukua kazi na kumpa mwenye macho yake yote. Aliogopa vilevile kumvunja mama. Rafiki yake mwandishi wa programu, ambaye alikaa karibu naye siku hiyo, anasema kaka alisukuma kiti chake nyuma.

Akasimama. Akawaomba kila mmoja atoe kalamu, avue kifuniko, anyooshe mikono yote miwili mpaka mwisho, afumbe jicho moja, kisha arudishe kifuniko. Watu wazima, wengine wenye mvi, walichoma hewa mbele ya kalamu na nyuma ya kalamu. Mkurugenzi alijichora kwenye kiganja. Kicheko kikajaa chumba. Kaka akanyoosha mikono yake, akasogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia, akakirudisha kifuniko mara moja.

"Umefanyaje?" mkurugenzi akauliza.

"Nimezoea. Tangu nina miaka minne." Akachukua ile kalamu, akaligonga jicho lake la kushoto. Tik. "Hili ni kioo."

Rafiki yake anasema kicheko kilikatika kama umeme.

"Na ile pia ni kioo," kaka akaendelea, akionyesha mashine. "Kioo ni bapa. Mtu akikaa mbele yake, hata awe na macho mawili mazima, pale ni chongo. Tumewajengea mapaa chongo, halafu tumewasahau. Mimi naishi huko. Naweza kuwaonyesha njia."

Hakuna aliyemchukulia kazi. Walivuta viti wakasogea, na kwa mara ya kwanza wengine wakakaa kushoto kwake. Akawaeleza kamera ya ndani ya mchezo isogee kidogo huku na huku Msumari anaposimama ukingoni, ili cha karibu kihame na cha mbali kitulie. Akawataka wachore migongo ya bati wazi wazi, ili mistari iungane kadiri paa linavyokwenda mbali. Akataka kivuli cha Msumari kianguke chini ya miguu yake moja kwa moja, saa zote. Mwandishi wa programu mmoja akapinga kwamba kivuli hakiwezi kuwa pale, jua liko upande ule. Kaka akamuuliza, "Na wewe unapoanguka, unalitazama jua?" Kikawekwa. Kwenye jaribio lililofuata yule mwanafunzi aliruka paa la kwanza, la pili, la tatu, hadi akafika kwenye mnara wa mwisho. Alikuwa akisogeza kichwa chake kushoto na kulia, bila kujua.

Mfinyanzi naye alikuwa ameelewa, au alidhani ameelewa. Alitengeneza kwa uangalifu sana jicho la kushoto lisiloona, akamwita kaka alitazame. Kaka alilitazama kwa muda, akamshukuru, akasema, "Hapana. Mpe mawili."

Mwisho wa wiki hiyo alikuja nyumbani kwa mama na karatasi kubwa. Kumbe mtu wa pande tatu huvalishwa ngozi inayochorwa ikiwa bapa, imekatwa vipande kama nguo kabla ya kushonwa, na kaka alikuwa amekwama kwenye mishono. Mimi nilikuwepo, nikikata nyuzi. Aliitandaza ngozi ya Msumari kwenye meza ya kukatia, na kabla mama hajavaa miwani akamwambia kwamba kazini amewaambia.

Cherehani ilisimama.

"Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu, mama."

"Wakasemaje?"

"Wakataka kujua nafanyaje."

Mama aliondoa mguu kwenye pedali. Kisha akavaa miwani, akainamia karatasi kama anavyoinamia kazi ya mteja, akafuata vipande kwa kidole: mkono, mkono, mgongo, uso uliotandazwa kutoka sikio hadi sikio. Kidole kikasimama.

"Na hili nalo ni jicho?"

"Ni jicho."

"Ana mawili?"

"Siku zote alikuwa nayo."

"Mimi nilidhani umemchora anajificha. Kama nilivyokufundisha."

"Mimi ndiye niliyejificha, mama. Yeye alikuwa anakimbia tu."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamgombeza kwa ajili ya mshono. Alisema ni fundi gani anayepitisha mshono shavuni, watu watautazama huo badala ya mtoto. Upite nyuma ya sikio. Ulipitishwa nyuma ya sikio, na mpaka leo uko pale.

Msumari wa tano ulionyeshwa kwa watu mwaka 1998, kwenye ukumbi uliojaa mpaka milangoni. Sina ufundi wa kueleza nilichokiona. Kioo kilikuwa kikubwa kama ukuta wa nyumba. Msumari alisimama juu ya paa na mgongo wake kwetu, na mbele yake mji mzima ulikwenda mbali, mapaa kwa mapaa, moshi, nguo zilizoanikwa, ndege wakipita nyuma ya minara na kutokea upande wa pili. Mtu wa kwanza kupewa kidhibiti alikuwa mama mmoja dereva wa basi, aliyecheza tangu mchezo wa kwanza. Kunguru alilia huko mbele. Yeye hakumfuata. Alisukuma kidhibiti nyuma.

Msumari akageuka.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Nilihisi hewa ikienda. Watu walikuwa wameishi na mtu huyu miaka kumi ubavuni, na sasa alikuwa akituangalia, uso mzima, macho yote mawili, na nyuma yetu sisi palikuwa na njia yote aliyokuwa ameipita. Mwanamume mmoja mbele yangu alinyanyua mkono kidogo, kama anayesalimiwa na mtu anayemjua. Nilimtafuta kaka. Alikuwa amesimama katikati ya watu, amezungukwa pande zote, na hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akiwatazama wao. Wenzake wanasema walifuatilia baadaye, na karibu kila mchezaji alifanya hivyo hivyo kabla ya kuruka paa lolote: alimgeuza kwanza.

Marehemu aliendelea na Msumari mpaka mchezo wa tisa, na alifundisha wachoraji wengi ambao leo wamejaa hapa. Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Ndugu yetu fundi wa vyuma alisema hilo lilijulikana zamani, na kaka akacheka mpaka muuguzi akaja. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na mwanzoni mwa Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa. Kabla ya kipimo kimoja muuguzi alimwomba alivue jicho la kioo, akalihifadhi kwenye kikombe chenye kifuniko. Kipimo kilipokwisha akamletea. Kaka alimwambia aliache tu huko.

Mama alipoingia alimkuta hivyo. Kwa desturi yao kiti chake kilikuwa kulia kwa kitanda, upande alioutengeneza mwenyewe tangu kaka akiwa mdogo. Alisimama mlangoni kidogo. Kisha akakibeba kile kiti mwenyewe, akatukataza kumsaidia, akazunguka kitanda, akakiweka kushoto, akakaa. Ndipo alipokaa kila siku hadi mwisho. Kaka alifariki dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, akiwa na miaka hamsini na minane, mama akiwa upande huo na mkewe upande wa pili.

Marehemu, ambaye baba yetu alimtangulia mwaka 2006, ameacha mama. Mjane wake, mpima ardhi. Binti yake, muuguzi wa meno, na mkwe. Kijana wake, fundi wa lifti. Mjukuu mmoja anayetambaa. Ndugu yetu fundi wa vyuma. Mimi mdogo wake. Na watu wa karakana, ambao mama amesema niwataje kama familia.

Jeneza liko wazi. Tulikuwa tumepanga watu wapite kulia, kama picha zake zote zilivyopigwa. Leo asubuhi mama aliniita, akaniambia nisome maneno haya kama alivyoyasema: "Waambie wapite kushoto. Na wasiogope kusimama. Nilimficha mwanangu miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekimbia."

Karibuni mumuage. Alale kwa amani, pande zake zote.